Rangi Aliyoniambia Mke Wangu

Wiki jana niliwaacha nimesimama ndani ya maji mpaka kifuani, Bibi Kofia nimemkumbatia, na ngazi ya chuma imelala chini ya bwawa kama haihusiki. Kama gazeti lako la wiki jana limeshafungiwa sabuni, usihangaike kulitafuta. Nitakukumbusha kwa ufupi, halafu tuendelee na balaa.

Mimi ni mtunza bwawa la kuogelea kwenye klabu ya watu wenye nafasi zao. Wenyewe wananiita Daktari wa Maji, nusu heshima nusu utani. Nilipougua kifua kikuu nilificha, maana vyumba viwili tunavyoishi nyuma ya mtambo wa pampu ni vya klabu, na nilijua ugonjwa ukitajwa tu tutalala nje mimi, mke na watoto. Dawa zikaanza kunitibu kifua, lakini zikaninyang'anya rangi. Nyekundu, kijani, njano, zote zikawa kitu kimoja cha rangi ya vumbi.

Na kazi ya bwawa ni kazi ya rangi. Unachota maji kwenye kijichupa, unadondoshea matone ya dawa, unatazama. Yakiwa kama nyanya inayoanza kuiva, pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, iko sawa. Yakiwa njano, maji yamechachuka. Yakiwa waridi, yameelemea upande wa pili. Vidonge vya klorini tunavyotumia vinaua vijidudu lakini vinachachusha maji kila siku, na kila siku mtunza bwawa anayavuta maji yarudi kwa kutia magadi. Ukilala, yanakwenda zao.

Kwa hiyo mke wangu, anayefanya usafi wa vyumba vya kubadilishia nguo papo hapo klabuni, akawa macho yangu. Kwa kuwa hatuwezi kusemezana mbele ya watu, tulitunga ishara: mimi nanyanyua kijichupa aone, yeye ananijibu kwa mkono. Akishika kiuno, ni njano, tia magadi. Akishika sikio, ni waridi, tia asidi. Akifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, yako sawa, usitie kitu.

Zikumbukeni ishara hizo. Mimi hata nikitaka kuzisahau siwezi.

Kuna dada mmoja alinitumia ujumbe baada ya kusoma, akauliza kwa nini sikuomba kile kipimo cha kisasa kinachoandika namba. Dada yangu, niliomba. Meneja akaniuliza, "Kwani macho yako yana nini?" Nikasema hayana kitu. Nikatoka, na sikurudia tena.

Basi, turudi kwa Bibi Kofia.

Alikuwa mama mtu mzima, mwenye kuja kila asubuhi kwa amri ya daktari wake wa magoti, amevaa kofia ya mpira yenye maua yaliyosimama kama bustani. Asubuhi hiyo alishika ngazi apande, ngazi ikang'oka naye, ikamwangukia.

"Usinivute mguu!" alilia nilipomfikisha kwenye kina kifupi. "Mguu, baba, mguu!"

"Pole, bibi. Sikuvuti."

"Ngazi yenu imeniacha."

"Nimeona, bibi."

"Na mimi wala si mzito hivyo," akasema. Akajaribu kucheka, uso ukamkunjamana.

Mke wangu alikuja mbio na mataulo. Alimfunika bibi wa watu, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika. Muda wote huo hakunitazama hata mara moja. Nilidhani ni hofu tu.

Kabla ya saa sita habari zikatufikia kwamba nyonga imevunjika, na lazima apasuliwe.

Meneja alichuchumaa pale ngazi ilipokuwa imechimbiwa, na tai yake na viatu vyake vya kung'aa. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakwangua. Simenti ikatoka kwenye ukucha wake kama jivu lililoloa.

"Hiki ni nini?" akaniuliza.

"Simenti, Meneja."

"Simenti inatoka kwa kidole?"

"Labda ni ya zamani."

"Fundi wa pampu amenipigia simu. Anasema simenti hailainiki bure. Anasema ni maji yako ndiyo yameila."

Hapo alinigusa pabaya. Mtu unaweza kumtukana sura yake, mshahara wake, hata ukoo wake akavumilia. Lakini maji yangu?

"Maji yangu hayana kosa!" nikafoka, mbele ya wanachama waliokuwa wamejifunga mataulo. "Tangu mvua ziishe yako sawa kila siku! Kama hamniamini, mwiteni mkaguzi. Aje ayapime hapa hapa, mbele ya kila mtu!"

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na ndoo ya deki. Akanivuta shati.

"Baba watoto, acha."

"Niache nini? Wananisingizia!"

"Acha tu. Nakuomba."

Nilidhani ananihurumia kifua, nisije nikakohoa. Wanaume tuna ujinga wetu. Mke akikuvuta shati, geuka umtazame usoni. Mimi sikugeuka. Nilikuwa nimeshavimba kichwa, nataka nisafishwe jina mchana kweupe.

Mkaguzi wa maji alikuja mchana huo huo. Mwanamke mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, mbali na tundu la maji mapya, ndipo akachota. Nikaona anaijua kazi, nikafurahi. Jamani, nilifurahi! Nilisimama pale nimekunja mikono kama bwana harusi.

Alidondosha matone, akaziba kijichupa, akakipindua taratibu, akakishika mbele ya taulo jeupe. Alikitazama kwa muda. Halafu badala ya kusema, akanipa mimi.

"Wewe ndiye mwenye maji," akasema. "Soma."

Niliona vumbi. Nikakinyanyua kijichupa juu, kama mtu anayetafuta mwanga mzuri, na kwa chini ya mkono nikamchungulia mke wangu. Alikuwa amesimama penye mlango wa bafu. Akanyanyua ncha ya kitambaa cha kichwa, akafuta uso. Akaufuta wote, polepole.

Moyo ukatulia.

"Yako sawa," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi. "Nyanya inayoanza kuiva. Safi kabisa."

Bwana mmoja mwenye taulo kiunoni alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Rudia," akasema Mkaguzi.

Nikachungulia tena. Mke wangu alikuwa anafuta uso tena.

"Nimeshasema, mama. Yako sawa."

Meneja akaninyang'anya kijichupa. "Sawa? Hii ni njano! Mtoto wa chekechea anaona kwamba hii ni njano!"

"Kiini cha yai," Mkaguzi akasema pole pole. "Imeshuka chini ya alama ya mwisho ya kipimo. Haya maji yamechachuka muda mrefu sana. Yamekula simenti, na nadhani mkifungua kile kipasha maji mtakuta shaba yake nayo imelika."

Safari hii nilimtazama mke wangu waziwazi, bila kuchungulia. Ndipo nikaona mabega yake yanatikisika. Hakuwa ananipa ishara yoyote. Alikuwa analia, na kitambaa kilikuwa cha machozi.

Bado sikuelewa. Nilijua tu kwamba alikuwa analia kabla ya mimi kusoma.

Tulikwenda stoo, msafara mzima. Meneja akafungua mlango. Magunia ya magadi yalikuwa yamepangwa ukutani kama nilivyoyapanga mwenyewe, yamejaa, uzi wa mashine bado umeshona midomo yake.

"Hata moja hujafungua," akasema. Nilitegemea atapiga kelele, lakini sauti ilimshuka. "Ungekuwa umeyauza ningekuelewa. Mwizi namwelewa. Hujaiba, hujauza, hujatia. Sasa wewe ulikuwa unafanya nini humu?"

Kila siku niliambiwa usitie kitu, nami sikutia kitu. Ningemjibu nini?

Mkaguzi alikuwa ananitazama tofauti na Meneja. Alitazama macho yangu, akamtazama mke wangu, akarudi kwangu. Halafu akasogea taratibu, akasimama katikati yetu sisi wawili, akamziba mke wangu nisimwone.

"Kaka," akasema, "niletee ubao wa kijani, ule pale."

Pembeni ya stoo kulikuwa na lundo la mbao nyepesi za kuelea, zile wanazoshikilia watoto wakijifunza kupiga miguu. Nilizitazama. Vumbi, vumbi, vumbi. Nikapiga moyo konde, nikachomoa mmoja.

Kwa namna watu walivyoguna, nikajua.

"Huo ni mwekundu, kaka yangu," akasema Mkaguzi. Ule upole wake ndio ulionimaliza. Angenitukana ningepata pa kushikilia. "Tangu lini?"

"Tangu dawa."

"Dawa gani?"

Nikaurudisha ubao kwenye lundo. Akateremsha sauti zaidi.

"Za kifua? Mdogo wangu alizimeza hizo. Hukuambiwa kwamba ukiona rangi zinabadilika urudi kliniki siku hiyo hiyo?"

"Niliambiwa."

"Ukarudi?"

"Kliniki ile ndiyo wanayotibiwa wafanyakazi wote wa hapa. Ningesema, ingefika."

Akatikisa kichwa. "Wangekubadilishia dawa. Huenda sasa hivi ungekuwa unaona. Kama zitarudi ama hazitarudi, mimi sijui. Mimi napima maji tu."

Nyuma yake Meneja alikuwa ameshatoa simu, anaita watu waje kulitoa bwawa maji.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kimemwangukia mabegani. Pampu ilikuwa imezimwa. Tangu tuhamie pale hatukuwahi kuisikia imenyamaza. Tulishazoea kuongea kwa kupaza sauti kama watu walio sokoni, na sasa kila neno likawa linasikika lilivyo.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Nilikuwa najua."

"Kuanzia siku gani?"

"Kuanzia siku ile uliyokohoa damu juu ya gunia."

Nilimshangaa. Siku ile naikumbuka. Nilibeba magadi, vumbi lake likaniingia kifuani, nikakaa juu ya gunia nikakohoa mpaka nikaona nyota. Nilitema mate, nikafukia kwa kiatu.

"Yalikuwa makohozi," nikasema.

"Wewe uliona makohozi. Mimi niliona damu."

Nilitafuta pa kukaa. Sikujua kwamba mtu anaweza kutema damu yake mwenyewe akaitazama asiijue.

"Sikukuambia," akaendelea. "Nilisema ukijua utakata tamaa. Kesho yake ukaja na kijichupa, ikawa njano. Nikishika kiuno, unakwenda kubeba gunia. Umesimama pale unaningoja kama mtoto anayengoja kuambiwa kama amefaulu mtihani. Mkono ukanyanyuka wenyewe. Nikafuta uso."

"Na kesho yake?"

"Njano."

"Ukafuta uso."

"Nikafuta uso."

"Watu walilalamika macho yanawasha, nikakuuliza! Ukaniambia ni jua!"

"Nilikuwa natia kidogo kidogo," akasema. "Magadi yale yaliyobaki kwenye ndoo, ya gunia la mwisho ulilofungua. Nikimaliza kupiga deki, wakiwa hawanioni, namwaga kikombe kule mwishoni."

"Kikombe?"

"Kikombe."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kikohozi kikanikamata. Bwawa lote lile, wanamoogelea watu wazima na watoto, mke wangu alikuwa analitibu kwa kikombe cha chai. Alinisugua mgongo mpaka kikohozi kikapita, na mimi nikamwacha anisugue, huku namchukia. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinakaa pamoja.

"Ungeniambia tu," nikasema nilipopata pumzi. "Ningetafuta kibarua wa kubeba."

"Ungesemaje kwa Meneja? Kwamba huwezi kubeba kwa sababu gani?"

Tulikuwa tumejifungia ndani ya uongo wetu wenyewe.

"Mimi si Daktari wa Maji," akasema. "Mimi nafua mataulo. Niliona nachagua kati ya maji na wewe, nikakuchagua wewe. Sikujua kwamba katikati yupo Bibi Kofia."

"Umeniua," nikamwambia.

"Nilikuwa nakuzuia usife, baba watoto."

Watoto waliporudi kutoka shule, mdogo akaja mbio. "Baba, bwawa linaisha! Limekuwa shimo! Tunaweza kwenda kucheza ndani?" Dada yake akatutazama sisi, akamshika mkono, akamtoa nje bila kuambiwa. Ana umri mdogo sana kujua nyuso zetu namna ile.

Kabla ya magharibi Meneja akabisha hodi. Hajawahi kukanyaga kwetu. Aliingia, akatafuta kiti, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nitasema mara moja," akasema. "Mwanawe Bibi Kofia ni mtu mwenye kujulikana. Anakuja asubuhi. Anataka kujua kitu kimoja tu: kuna aliyejua kwamba maji ni mabaya? Kama hakuna aliyejua, basi kosa ni la klabu, kwamba iliajiri mtu asiyeona na haikumkagua. Klabu itafungwa, na sisi wote tutaondoka, mimi na nyinyi. Kama kuna aliyejua akanyamaza, basi kosa ni la huyo mtu."

"Unataka mtu," nikasema.

"Nataka mtu. Bibi anapona, usiogope. Hasira zitapoa. Atakayesema 'nilijua' atafukuzwa kazi, basi. Mwingine atabaki na kazi, na hivi vyumba mtakaa mpaka watoto wamalize shule. Hilo naliahidi."

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Mimi nilijua," nikasema. "Mwambie mimi. Nilikuwa naona uvivu kubeba magunia."

Meneja akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Pale mlangoni aligeuka akasema, "Samahani, Daktari." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuitwa kwa jina hilo.

Alipoondoka, mke wangu alisema, "Wewe hukujua kitu."

"Ndiyo maana inafaa niseme mimi. Wewe ukisema, unasema kweli, nao watakukamata kwa kweli hiyo. Mimi nikisema nasema uongo, na uongo tumeuzoea humu ndani."

Akawasha jiko, akapika, tukala. Niliona kama tumeelewana.

Asubuhi tulisimama wote kando ya bwawa. Lilikuwa tupu. Bwawa lisilo na maji ni kitu cha aibu sana, unaona kila kilichokuwa kimefichwa. Vigae vilikuwa vimechomoka mistari mizima, na ile ngazi ilikuwa bado pale chini, hakuna aliyejisumbua kuitoa.

Meneja alikuja akiwa ameongozana na mwanaume mrefu mwenye suti. Nyuma yao, askari. Nilimtazama Meneja, kwa sababu askari hakuwa kwenye mapatano. Meneja alikwepa macho yangu.

Yule mwanaume alikuwa ameshika kitu mkononi. Aliponyanyua mkono nikaona ni kofia ya mpira yenye maua.

"Mama yangu hakuamka baada ya kupasuliwa," akasema. "Amefariki alfajiri ya leo. Walinipa hii pamoja na nguo zake."

Hapakuwa na mtu aliyesema pole. Sisi tuliomshika, tuliomfunika taulo, tulisimama tu kama tumepigwa misumari.

"Sina haja ya maneno mengi," akaendelea, na sauti yake ilikuwa inamponyoka. "Nataka kumjua mtu aliyejua kwamba haya maji yamekula ngazi, akamwacha mama yangu aingie."

Jana ilikuwa kazi na vyumba viwili. Sasa palikuwa na maiti, na askari ana pingu kiunoni. Mtu mwenye kifua changu, akiingizwa mahabusu bila dawa, hatoki. Nilijua. Na mke wangu alijua, kwa sababu nilihisi ananitazama. Nikafikiri, ndivyo basi. Angalau yeye atabaki na watoto. Nikavuta pumzi niseme.

"Ni mimi."

Sauti haikuwa yangu. Mke wangu alikuwa ameshapiga hatua mbele.

"Yeye haoni rangi," akasema, akimwangalia mfiwa machoni. "Wote hapa walishuhudia jana. Mimi naona. Maji yalikuwa njano kila siku, mimi nikamwambia yako sawa. Yeye hakujua kitu chochote."

"Mke wangu!"

"Si ulisema ulijua wewe?" Meneja akanirukia, amechanganyikiwa. "Si tulikubaliana jana?"

"Mlikubaliana nini jana?" akauliza askari.

Meneja akafyata mkia.

Askari akamtazama mke wangu, akanitazama mimi. Alikuwa mtu mzima, hana haraka. Akamshika mke wangu mkono, juu kidogo ya kiganja, bila nguvu, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara.

"Mmoja anasema alijua. Mwingine, nasikia, jana alisema alijua yeye," akasema. "Mzee, nakuuliza wewe. Mkeo anasema kweli?"

Nikiitikia, wanamchukua. Nikikataa, wananichukua mimi, na kifua hiki, na watoto wananizika.

Nikamtazama mke wangu kama nilivyozoea kumtazama kila asubuhi nikiwa na kijichupa mkononi, nikingoja aniambie. Kule mlangoni kwetu watoto walikuwa wamesimama na sare za shule, wamebeba mikoba.

Mke wangu akanyanyua mkono uliokuwa huru. Akaishika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kitambaa alichonunua baada ya macho yangu kuharibika, ambacho mpaka leo sijui ni cha rangi gani. Akafuta uso. Akaufuta wote, polepole.

Yako sawa. Usitie kitu.

Au alikuwa analia tu. Nilikaza macho niyaone machozi, na yangu mwenyewe yakanizuia.

"Mzee," askari akasema, "nakungoja."

Nikafungua mdomo.